Mdogo wangu anataka kumwacha mume anayempiga: nimsaidieje bila kumzidishia hatari?

Kaka Mtu aliuliza:

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Naomba ushauri kuhusu jambo ambalo siwezi kulijadili na watu wangu wa karibu, kwa kuwa karibu kila mtu wa karibu ana undugu au urafiki na pande zote mbili.

Mdogo wangu wa kike ameolewa na ana watoto wawili wadogo. Kwa muda mrefu tulijua kwamba mumewe ni mkali wa maneno, lakini hivi karibuni alinipigia kwa simu ya mfanyakazi mwenzake na kunieleza kwamba vipigo vilianza tangu ujauzito wa mtoto wa kwanza, kwamba mshahara wake wote hupita mikononi mwa mumewe, na kwamba safari ya mwisho shemeji alimkaba koo kwa mikono miwili hadi macho yakaingia giza. Hayo ya koo aliyasema harakaharaka, kama jambo dogo lililokwisha kupita, kisha akarudi kwenye habari za mshahara. Anataka kuondoka, ila hajapanga siku, na ameniomba nisimwambie mtu yeyote.

Mimi nilikwisha kuamua moyoni kwamba nichukue vijana wawili watatu wa ukoo, tukodi gari, tumkabili shemeji, tupakie vitu vya mdogo wangu na kuondoka naye siku hiyo hiyo. Baba, ambaye ameanza kuhisi kwamba kuna jambo, anapendelea kikao cha familia mbili ili shemeji aonywe mbele ya wazee. Mke wangu anasema njia zote mbili zitamponza wifi yake, lakini naye hana njia ya tatu. Naomba wenye uzoefu wanieleze ipi ni salama, nini hasa kilicho ndani ya uwezo wangu, na iwapo nikikaa kimya kama alivyoomba sitakuwa nimeshiriki katika madhara yatakayompata.

Ustawi Mstaafu alijibu:

Mwanangu, nimefanya kazi ya ustawi wa jamii hadi kustaafu, na katika maelezo yako lililonishtua zaidi ni lile ambalo mdogo wako alilisema harakaharaka. Kukabwa koo si sawa na kofi wala ngumi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake alikuwa katika uwezekano wa zaidi ya mara 7 wa kuuawa baadaye na mwenzi huyo, akilinganishwa na wanawake waliopigwa bila kukabwa. Mwanamume anayefanya hivyo amemwonyesha mkewe kwamba pumzi yake iko mikononi mwake, na wote wawili wanalijua hilo hata kama halitajwi tena. Kwa hiyo usilichukulie suala hili kuwa ugomvi wa ndoa uliovuka mpaka kidogo.

Jambo la pili ni wakati wenyewe wa kuondoka. Watu wengi hudhani kwamba mwanamke akishavuka kizingiti amepona, kumbe siku ya kuondoka na miezi inayofuata ndicho kipindi ambacho hatari hupanda. Utafiti mwingine wa Marekani, uliohusisha miji 11 na kuchapishwa mwaka 2003, ulikuta hatari ya kuuawa ikiongezeka sana pale mwanamke anapotengana na mwenzi aliyezoea kumtawala katika kila jambo, na kuwepo kwa bunduki kuliiongeza zaidi. Mtu ambaye kiu yake ni kutawala hushtuka pale anapoona utawala unamponyoka. Sasa itazame tena safari yako ya vijana na gari. Inampa shemeji taarifa kabla mdogo wako hajawa mahali salama, inamwaibisha mbele ya watu, na ikitokea akafunga mlango au mdogo wako akasita kwa hofu, ninyi mtarudi kwenu na yeye atabaki usiku huo ndani ya nyumba moja na mtu mliyemwaibisha.

Kabla ya mpango wowote, zungumza naye tena kwa njia ile ile aliyoichagua yeye, na usimpigie kwenye simu yake. Miaka ya 1980, muuguzi na mtafiti wa Marekani, Jacquelyn Campbell, alitengeneza dodoso la kupima hatari ya mwanamke kuuawa na mwenzi wake. Toleo linalotumika sasa lina maswali 20. Dodoso hilo linauliza iwapo vipigo vimezidi wingi au ukali katika mwaka uliopita, iwapo mume ana silaha, iwapo ametishia kumuua mke, watoto au kujiua mwenyewe, iwapo humlazimisha tendo la ndoa, humfuatilia, hutawala pesa na ratiba yake, alimpiga akiwa mjamzito, na iwapo mwanamke mwenyewe anaamini kwamba mumewe anaweza kumuua. Linauliza pia kuhusu kukabwa koo. Kwa uliyotuandikia, maswali matatu yamekwisha kupata jibu la ndiyo. Akisema anaogopa kuuawa, mwamini. Akisema haogopi, usitulie kwa sababu hiyo peke yake, kwani wengi waliozoea hatari huikadiria chini ya ilivyo. Inafaa zaidi akapimwa na mtu aliyefunzwa kazi hiyo, yaani afisa ustawi, mshauri wa nyumba salama au mhudumu wa simu ya msaada, na wewe kazi yako iwe kumtafutia namna ya kuwafikia bila mumewe kujua.

Mpango wenyewe hupangwa na yeye, kwa sababu ndiye anayejua mume hurudi saa ngapi, hufungua droo ipi na jirani yupi hupeleka maneno. Mara nyingi iliyo salama ni siku ya kawaida kabisa, katika saa ambazo mume yuko kazini, huku watoto wakivaa na kutoka kama wanavyotoka siku zote. Vyeti vya kuzaliwa, kitambulisho, kadi za kliniki na hati za ndoa apige picha au atoe nakala mapema na kuziweka kwa mtu nje ya nyumba; zile halisi asizihamishe kabla ya siku ikiwa mume ana desturi ya kupekua, kwa kuwa bahasha iliyopungua unene imewahi kuvujisha mipango mingi. Aache samani, vyombo na nguo nyingi. Mkubaliane sentensi moja ya kawaida, mathalani kuulizia dawa ya kikohozi ya mtoto, ambayo akikuandikia au akiisema kwa simu utaelewa kwamba anahitaji polisi mara moja. Ugomvi ukianza kabla ya siku hiyo, ajitahidi kuwa kwenye chumba chenye mlango wa kutokea, mbali na jikoni kwenye visu na mbali na bafu.

Kuhusu kunyamaza, mtunzie siri yake, lakini mweleze mapema na kwa uwazi kwamba ukipata habari kuwa maisha yake au ya watoto yako hatarini saa hiyo hiyo, utaita msaada bila kumsubiri. Asije akashtukizwa na jambo hilo.

Muuguzi wa Zamu alijibu:

Naongezea upande wa tiba, kwa kuwa Bi Mstaafu amegusia koo na mimi ningependa tukae hapo kidogo. Watu huitazama shingo, na wasipoona alama hudhani hakuna kilichotokea. Kukabwa mara nyingi hakuachi alama yoyote juu ya ngozi, na kwenye ngozi nyeusi michubuko huonekana kwa shida zaidi. Tunachouliza ni iwapo sauti imekuwa ya kukwaruza, kumeza kunauma, pumzi inakatika, kuna vidoadoa vyekundu kwenye weupe wa macho au ndani ya kope, alipoteza fahamu hata kwa muda mfupi, au alijikojolea bila kujua. Macho kuingia giza, kama ulivyoandika, kunamaanisha kwamba ubongo ulikosa damu au hewa. Mishipa mikubwa ya shingo inaweza kuchanika kwa ndani, damu ikaganda, na kiharusi kikatokea siku kadhaa baadaye. Aende hospitali hata kama tukio limepita, na amwambie mhudumu kwa maneno yaliyonyooka kwamba alikabwa koo na mumewe, kwa sababu akisema tu kwamba shingo inamuuma atapewa dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani. Akipata maumivu makali ya kichwa, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au maneno kumkwama, asisubiri asubuhi.

Iwapo kuna kulazimishwa tendo la ndoa, muda una thamani kubwa. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI huanzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Hunywewa kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinaweza kutumika hadi saa 120, navyo pia hufanya kazi vizuri zaidi vikiwahiwa. Kwa ajili ya ushahidi, ni vyema asioge kabla ya kupimwa, na nguo alizovaa zihifadhiwe kwenye mfuko wa karatasi, kwani plastiki hutunza unyevu na kuharibu vielelezo. Hata hivyo, kama alikwisha kuoga bado aje; tiba haina sharti hilo.

Aombe pia maelezo yake yaandikwe kwenye faili pamoja na tarehe na mchoro wa majeraha, lakini karatasi za hospitali asirudi nazo nyumbani. Sisi tunaweza kuzitunza.

Mpenda Suluhu alijibu:

Nimesoma yote na sitetei kipigo hata kidogo. Hata hivyo, naona tunakimbilia kuvunja nyumba kabla ya kusikia upande wa pili. Ninawajua wanaume walioonywa na wazee wakabadilika, na watoto wale wawili wanamhitaji baba yao. Tafiti za nchi nyingine si lazima zieleze kilichomo ndani ya nyumba hii. Kwa nini kikao cha baba kisijaribiwe kwanza, kwa ustaarabu, na kuondoka kukawa hatua ya mwisho?

Wakili Mshauri alijibu:

Ndugu Mpenda Suluhu ameuliza swali ambalo familia nyingi huliuliza kwa nia njema. Kikao cha usuluhishi husimama juu ya jambo moja la msingi, nalo ni kwamba pande mbili zinaweza kusema ukweli bila kuogopa kitakachotokea zikirudi nyumbani. Mwanamke aliyekabwa koo akiulizwa mbele ya mumewe kama ana malalamiko, atapima kila neno kwa usiku unaomsubiri, na wazee watatoka wakiamini kwamba jambo limekwisha. Ndiyo maana Mkataba wa Istanbul wa mwaka 2011, ambao ni wa Baraza la Ulaya, katika ibara ya 48, unazitaka nchi wanachama kupiga marufuku usuluhishi wa lazima katika mashauri ya ukatili dhidi ya wanawake, na kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake (CEDAW) ilisisitiza jambo la namna hiyo katika Pendekezo la Jumla namba 35 la mwaka 2017. Wazee wanaweza kuwa na kazi kubwa, ila si hiyo. Waliopo upande wa mume, kama wapo wenye busara na siri, wanaweza kumzuia asimfuate mkewe baada ya kuondoka, jambo ambalo mimi nimeliona likisaidia kuliko onyo lolote la kwenye kikao.

Kuhusu gari na samani, ipo kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu tarehe 9 Juni 2009, Opuz dhidi ya Uturuki, ambayo kila ndugu anayepanga kumhamisha dada yake anafaa kuijua. Mwanamke na mama yake mzazi walishtaki mara kadhaa kuhusu mume mwenye vipigo na vitisho vya kuua. Mara kadhaa waliondoa malalamiko kwa shinikizo la vitisho hivyo hivyo, na mashauri yakafungwa. Mwaka 2002 mama huyo alikuwa ndani ya gari lililobeba samani, akihamia mji mwingine, mkwewe akalizuia gari barabarani na kumpiga risasi. Mahakama iliamua kwamba dola ilishindwa kulinda uhai wake, kwamba kuondolewa kwa malalamiko hakukuiondolea dola wajibu wa kupima uzito wa hatari na kuendelea na mashauri, na kwamba uzembe huo ulikuwa ubaguzi dhidi ya wanawake. Kwa lugha nyepesi, polisi akikwambia kwamba hana la kufanya kwa kuwa mke amefuta kesi, ana haki ya kukueleza ugumu wa ushahidi, lakini hana haki ya kuita hatari hiyo mambo ya ndani.

Mdogo wako aulize mapema kuhusu amri ya ulinzi. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, lakini nyingi zinaruhusu mahakama kutoa amri ya muda hata kabla mume hajasikilizwa, ikimzuia kumkaribia mke, kazini kwake na shuleni kwa watoto. Zipo nchi ambako anayeondolewa nyumbani ni mnyanyasaji. Austria ilianza mwaka 1997 kuwapa polisi mamlaka ya kumtoa hata kama nyumba ni yake, na nchi nyingine za Ulaya zikafuata. Wakati wa kuiomba hupangwa pamoja na siku ya kuondoka, kwani hati ya wito ikimfikia mume wakati mke bado yuko sebuleni, amri hiyo hiyo ndiyo itakayowasha moto. Amri ni karatasi. Inafaa pale ambapo polisi wanaitekeleza, kwa hiyo nakala yake iwe kwake, kwa mwajiri na kwa mwalimu wa watoto.

Nakala hizo zipelekwe kwa mkono. Usitume picha yake kwenye kundi la familia.

Niliyetoka alijibu:

Mimi niliondoka katika ndoa ya namna hiyo, na ningependa kusema machache ambayo wataalamu hawakuyagusa.

Kaka, simu ndiyo iliyokuwa karibu inishinde. Akaunti ya simu yangu aliifungua mume wangu siku aliponinunulia, hivyo picha, orodha ya waliopigiwa na mahali nilipo alivipata kwenye simu yake bila kunigusa. Mdogo wako asizime ghafla kila kitu, kwa sababu ukimya huo nao ni taarifa. Atumie simu nyingine kwa mipango, yenye akaunti mpya, na ile ya zamani aiache iendelee kama kawaida hadi saa ya kuondoka. Atazame pia vifaa vya watoto, mfuko wa shule, na gari kama analo, maana vipo vidude vidogo vya kufuatilia mizigo ambavyo hutoshea ndani ya pindo la begi. Simu nyingi za kisasa siku hizi hutoa onyo zikigundua kidude cha mtu mwingine kinasafiri nazo; onyo hilo asilipuuze.

La pili ni pesa. Aliye na mshahara usiopita mikononi mwake huonekana na watu kuwa anajiweza, na hapo ndipo wanapomshangaa kwa nini asiondoke. Kama mwajiri ni mtu wa kuaminika, anaweza kukubali sehemu ya posho ilipwe kwingine bila kubadilisha kiasi kinachoonekana. Mwajiri wangu alikubali, na pia alibadilisha lango nililotokea jioni. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019, unazitaka nchi zilizouridhia kutambua athari za ukatili wa majumbani na kupunguza athari hizo kazini kadiri inavyowezekana, kwa hiyo si fadhila tupu.

La mwisho linakuhusu wewe binafsi. Huenda akaondoka kisha akarudi. Akirudi, usimkasirikie wala kumwambia kwamba hutamsaidia tena, kwa sababu hayo ndiyo maneno ambayo mumewe anayangoja. Nilipokuwa nimerudi, ndugu yangu mmoja tu ndiye aliyeendelea kunisalimia bila kuniuliza kwa nini, na ndiye niliyempigia nilipotoka kwa mara ya mwisho.

Kaka Mtu aliandika tena:

Nawashukuru nyote, pamoja na ndugu aliyetofautiana na wengine, kwa kuwa swali lake ndilo la baba na sasa nina cha kumjibu. Safari ya vijana nimeifuta. Nimezungumza na mdogo wangu kupitia simu ya mwenzake. Alijibu ndiyo kwa maswali mengine mawili, moja likiwa la kutishiwa kuuawa, na amekubali kuonana na mshauri wakati wa mapumziko ya mchana akiwa kazini. Hospitali ataenda kwa ruhusa ile ile. Baba nimemwomba tu kwamba asiitishe kikao kwa sasa, na nimemwambia kwamba aliyeomba hivyo ni binti yake. Alinyamaza, kisha akakubali.

Limebaki jambo moja. Nilikusudia afikie kwangu, na chumba kimekwisha kuandaliwa. Shemeji akinipigia simu au akija mlangoni, nimjibu nini?

Ustawi Mstaafu alijibu:

Mwanangu, kwako ndiko mahali pa kwanza atakapomtafuta, kwa hiyo chumba hicho kisiwe cha siku za mwanzo. Mwulize mshauri kuhusu nyumba salama, au mtu ambaye shemeji hamjui kabisa; kwako atakuja baadaye, hatari ikishapimwa upya.

Akikupigia, mpe jibu moja fupi na ulirudie vile vile kila mara: kwamba huwezi kuzungumzia jambo hilo na kwamba akiwa na hoja azipeleke mahakamani au kwa wakili. Usimdanganye kwamba hujui lolote, kwa kuwa uongo hubadilika na yeye ataupima. Usikubali kubeba salamu, zawadi za watoto wala maombi ya msamaha, na ujumbe wowote atakaotuma usiufute. Akija mlangoni, usifungue na usitoke nje kumsikiliza. Ita polisi na uwaeleze tangu mwanzo kwamba amewahi kumkaba mkewe koo na kutishia kumuua, maana ndivyo watakavyojua uzito wa wito huo. Mke wako na watoto wako wajue utaratibu huu kabla ya siku yenyewe, pamoja na yeyote mwingine ambaye huwa anafungua mlango nyumbani kwenu.